Mdomo wa Sikitu

Zamani, kabla vioo havijajulikana porini, Bi Ngiri aliishi na bintiye kigoli, Sikitu. Uso wa binti huyo ulijaa vinundu, lakini hakuna aliyepita mbele yake akasalimika. Siku moja alimwambia Muhanga, "Masikio ya punda, pua ya nguruwe! Kwani wewe uliumbwa kwa masalia?"

Muhanga ndiye aliyewachimbia ngiri mashimo ya kulala, na masika yalikuwa yamekaribia. Bi Ngiri akamburura bintiye kwenda kuomba radhi.

"Tusamehe, bwana," akasema kwa sauti ya asali. "Kwangu maneno hayo hayasemwi kabisa. Labda kayaokota kwa Fisi, yule mwenye makalio ya kuporomoka. Au kwa Nyumbu. Maana kiumbe mwenye uso mrefu kama jeneza ana adabu gani?"

Sikitu akaangua kicheko. "Hilo la jeneza ni jipya, mama! Jana ulisema kama mwiko."

Bi Ngiri akatafuta pa kuuficha uso wake, na uso wenyewe haukuwa mdogo.

"Shimo nitawapa," akasema Muhanga. "Ila mtaingia kinyumenyume. Makalio yatangulie, midomo ifuate."

"Umesikia, Sikitu?" mama akafoka. "Haya, ingia!"

"La," akasema Muhanga. "Aanze mwalimu."

Mpaka leo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, na Bi Ngiri huwaambia majirani kwamba ni kwa ajili ya usalama.