Mkono wa Taifa Teule

Sato mzima, na kichwa chake, aliwekwa mbele ya Daktari Daudi. Daktari Amiri alionyeshwa benchi la jikoni, akapewa dagaa.

Mpangilio ulikuwa wa Mchungaji Gidion. Kanisa lake la Igogo ndilo lililotoa ukumbi kwa kambi ya macho, naye aliambiwa mapema kwamba wanakuja madaktari wawili, Myahudi na Mpalestina. Hakuhitaji kuuliza nani ni nani. Daudi ni Daudi, hata mtoto wa shule ya Jumapili anajua. Na Amiri, jina tu lilitosha.

Wageni walitazamana. Amiri akatikisa kichwa, akaenda zake jikoni. Daudi akabeba sato wake, akamfuata, wakala sahani moja. Mchungaji alisifu sana unyenyekevu wa taifa teule.

Zilikuwa enzi za ruksa. Mwanza ilipokea kila kitu cha nje, mitumba, redio za Dubai, wenye viwanda vya minofu ya sangara, na haikuwa na tabia ya kusoma lebo.

Mchungaji alikuwa pia na shida yake. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Alihubiri kwa kukariri, akichanganya Waamuzi na Wafalme, na wazee wa kanisa walishaanza kunong'onezana habari za mchungaji mpya. Asipoona, kazi imekwisha.

Foleni ya Daudi ilifika barabarani. Kwa Amiri walikwenda wenye haraka tu. Muuguzi Odeta, aliyewatafsiria madaktari Kiingereza chao, alimweleza mchungaji kwamba kwa Amiri angehudumiwa leo leo. Mchungaji akajibu kuwa jicho lake haliguswi na Mfilisti. Atasubiri.

Jioni Daudi aliombwa atoe neno. Alisimulia jinsi bibi yake alivyofukuzwa nyumbani kwake, na jinsi ukoo mzima unavyoishi ugenini ukingoja ruhusa ya kurudi. Mchungaji alilia waziwazi, akawakumbusha waumini mateso ya Babeli. Kisha Amiri, ambaye hakuombwa, alisimama akasema Wapalestina wanastahili haki sawa na Wayahudi, sheria moja kwa wote, tena si kwa hisani. Ukumbi ukapoa.

"Anavutia kwao huyo," Mchungaji alimwambia Odeta. "Maneno hayo angeyasema Myahudi, ningeyapokea."

Kesho yake zamu ikafika. Daudi alimpasua jicho la kulia kwa mkono mwepesi, mzee hakusikia kitu ila harufu ya spiriti. Siku iliyofuata bandeji ikafunguliwa mbele ya wazee wa kanisa. Mchungaji akaona dirisha. Akaona mabati. Akaona nyuso za waliokuwa wakikitolea macho kiti chake, akawataja majina mmoja mmoja. Walimsifu Bwana kwa shida kidogo.

Furaha ilimzidi. Aliishika mikono ya Daudi akaibusu, kisha akamgeukia Amiri, aliyekuwa amesimama na trei ya vifaa.

"Umeiona kazi ya taifa teule?"

Odeta alitafsiri. Amiri akajibu kwa upole kwamba ameiona, na kwamba hajapata kufanya kazi na daktari bora kuliko huyu.

Mchungaji aliridhika. Hata adui amekiri. Akainamisha kichwa mbele ya Daudi, akamwomba ambariki kwa Kiebrania, japo maneno mawili.

Daudi alimtazama mwenzake, akasema jambo kwa Kiingereza. Odeta akatafsiri, macho yake yako sakafuni.

"Anasema umwombe Daktari Amiri, ndiye Myahudi. Yeye Kiebrania anachokijua ni kile cha askari wa vizuizini kwao: simama, toa kitambulisho, rudi ulikotoka."