Vizazi Vinne vya Malkia

Jina la babu mzaa baba lilikuwa bado halijapatikana, na basi la kwenda mashindanoni lilikuwa linaondoka saa mbili kamili asubuhi.

"Andika Sultani wa Theluji," alisema msusi, huku akimkausha Malkia tumbo kwa draya ya saluni.

"Theluji tumeshampa bibi yake," alijibu wifi yake bila kuinua macho kwenye karatasi. "Fikiri, wifi! Ukoo wa paka ni vizazi vinne, na nimebakiza huyu mmoja."

Wifi alikuwa karani wa ofisi ya mifugo. Chanjo za Malkia zilikuwa za kweli, lakini cheti cha ukoo kilipikwa chote, tangu mstari wa kwanza mpaka muhuri aliouchukua kwenye droo ya bosi wake. Mtu akigundua, kazi ya miaka kumi na moja ingeota mbawa. Aliogopa, na aliogopa kweli. Lakini nani aliwahi kumkatalia msusi yule akishakuwa na lake? Wateja walikuwa wamemwambia kwamba paka wake anafanana na wale wanaoshindanishwa nchi jirani, na tangu hapo saluni haikuwa na mazungumzo mengine.

Malkia mwenyewe aliokotwa. Ama tuseme alijiokota: miaka mitatu nyuma, siku ya mvua, aliingia saluni amekonda, manyoya yameshikana tope, akapanda kiti cha wateja kama mtu mwenye miadi. Shampuu na dagaa vikamrudishia sura. Maji hakuwahi kuyagomea hata siku moja.

"Paka gani huyu anatulia akioshwa?" wifi aliwahi kuuliza.

"Ni hii mikono yangu. Hata wewe husinzia."

Mpakani, ofisa alikisoma cheti kwa kidole, kizazi baada ya kizazi. Msusi akaanza kumsifia ofisa nywele zake, ambazo hazikuwa nyingi.

"Ukoo mkubwa huu," ofisa alisema mwishowe, akigonga muhuri. "Mimi babu wa babu yangu simjui hata jina."

Walicheka mpaka wakatoka machozi.

Ukumbini kulikuwa na vizimba sabini, kila kimoja na namba yake. Wenye paka walisimama nyuma ya kamba, marufuku kusema, ili jaji asijue paka ni wa nani. Namba thelathini na sita ilipoitwa, Malkia hakusubiri kubebwa. Alitoka, akarukia mezani, akanyoosha shingo, akasimamisha mkia. Watu wakaguna kwa kupendezwa.

"Umemfundisha lini?" wifi alinong'ona.

"Kipaji tu," alisema msusi, naye akishangaa.

Jaji, mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, alimpapasa Malkia mgongo. Akarudia, polepole zaidi. Kisha akamwomba msaidizi wake cheti na mashine.

"Mashine ya nini?" msusi alimuuliza mama aliyesimama karibu naye.

"Ya kusoma kidude cha chini ya ngozi, chenye namba. Paka wa ukoo wote huwekewa wakiwa wadogo. Asiyekuwa nacho ni wa jalalani."

Wifi aliishika kamba kwa mikono miwili. Aliiona meza yake ya kazini ikikaliwa na mtu mwingine. "Wifi," alisema, "umenimaliza."

Mashine ikapitishwa shingoni. Ikalia: tii!

Wakakumbatiana. Hawakuelewa, wala hawakutaka kuelewa. "Nilikwambia mimi!" msusi alisema, amesahau marufuku. "Nilikwambia ana damu nzuri!"

Jaji aliisoma namba. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma namba tena. Malkia akamrukia begani na kumchomeka pua sikioni, akikoroma kwa raha.

"Cheti hiki ni cha uongo," jaji alisema. "Baba yake namjua, babu yake namjua. Wote nimewalea mimi, nyumbani kwangu, kama huyu mwenyewe kabla hajaibwa." Akawageukia wale wawili waliokuwa bado wamekumbatiana. "Sasa niambieni: ni nani kati yenu aliyelivunja dirisha langu?"