Vumbi la Mwamba Mweupe

Sheria inakataza kumzuia mnyoo wa chuma anayechimba dhahabu. Akishanusa dhahabu ndani ya mwamba mweupe, huifuata popote ilipo, hata chini ya nyumba ya mtu.

Asubuhi ile sakafu ilipasuka chini ya kitanda cha mama mkwe wangu, Bi Nyamizi, aliyetwanga mawe ya mwamba huo miaka mingi huku akivuta vumbi lake. Tukamhamishia sebuleni.

“Mwamba unapita chumbani tu,” mume wangu Mabula alinituliza. “Huku ni udongo mtupu.”

Mama akakohoa. Sakafu ya sebule nayo ikapasuka, chini ya godoro lake.

“Dhahabu anayoinusa iko kifuani mwangu,” alininong'oneza. “Na mawe hayo, mwanangu, nilikuwa nikiyatwanga nimembeba Mabula mgongoni.”

Nyuma yangu, mume wangu akaanza kukohoa.