Siku Nzima Mlangoni kwa Mkuu wa Elimu

Jua halijapanda sawasawa, fundi cherehani alikuwa ameshamshonea kifungo cha koti mtu asiyemjua. Walikuwa wamekaa benchi moja kwenye korido ya ofisi za wilaya, na kifungo kile kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Alishindwa kukivumilia. Sindano na uzi havikosekani mkobani mwake. Mzee alivua koti bila ubishi, akabaki na shati lililochakaa kola, akashukuru kwa sauti ya mtu aliyechoka kabla siku haijaanza.

Korido ile ilikuwa na milango miwili inayotazamana. Mmoja uliandikwa Mkuu wa Elimu, wa pili Mweka Hazina. Yote miwili ilikuwa imefungwa.

Fundi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa shule anayosoma binti yake. Safari ya kwanza walikuja kundi zima, wakapangiana hata nani aanze kusema. Safari ya pili alikuja yeye na fundi baiskeli mmoja. Zote mbili Mkuu hawakumwona hata kwa sura. Leo alikuwa peke yake. Wenzake walisema wanamwamini, lakini imani hailipi nauli.

Kule mbele mapokezini karani alimwambia Mkuu yupo humu humu jengoni, akae angoje. Akakaa. Alikuwa amejiapiza kwamba leo haondoki bila kumwona.

"Na wewe mzee wangu unamngoja huyu huyu?" alimuuliza jirani yake.

"Mimi nangoja pale," mzee alijibu, akaelekeza kidevu kwa Mweka Hazina.

Fundi akaelewa, au alidhani ameelewa. Alimuuliza kama ni mwalimu, na mzee akakubali kwamba amefundisha hesabu miaka mingi. Basi ni kiinua mgongo, fundi alijisemea, akamwonea huruma. Mtu analea watoto wa watu mpaka mvi zinamjaa kichwani, halafu anageuzwa ombaomba wa haki yake.

Mchana aligawana naye mkate, na hapo ndipo alipomfungulia moyo. Shuleni kwao mwalimu wa hesabu alihamishwa, hakuletwa mwingine. Kipindi cha hesabu kikifika, watoto wanafagia uwanja. Matokeo yalipotoka darasa zima lilianguka somo hilo, na wilaya ikawaletea onyo kwamba shule haina juhudi. Yupo mstaafu jirani na shule aliye tayari kufundisha kwa posho ndogo, ila posho yenyewe lazima iidhinishwe hapa. Binti yake amebakiza muhula mmoja afanye mtihani. Juzi alimwambia yeye, mama yake, ni heri amfundishe kushona tu, yaishe.

"Hilo ndilo lililonileta," fundi alisema. "Mimi nilishika cherehani kwa kukosa pengine pa kwenda. Yeye anapo."

Mzee alisikiliza kichwa kimeinama. Kisha akamuuliza atamwambiaje huyo Mkuu. Fundi akasimama, akakohoa kidogo, akautazama mlango uliofungwa, akayasema yote aliyoyapanga njiani: heshima kwanza, shida baadaye, shukrani mwisho.

"Punguza heshima," mzee alimshauri. "Anza na watoto. Mwambie wanavyofagia."

Akarudia. Safari hii alipofika kwa binti yake sauti ilimkatika. Mzee alitoa leso mfukoni, lakini aliyefutwa macho hakuwa fundi.

"Unadhani atanikubalia?"

"Kukubali atakubali. Ila hana kitu mkononi cha kukupa, ndiyo shida."

"Kwani unamjua?"

"Tumezeeka pamoja."

Fundi hakuyapenda maneno yale. Akamwambia kwa upole asimtetee mtu wa ofisini, maana mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliyekalia kiti cha kuzunguka, feni inampepea, atajulia wapi uchungu wa benchi?  Mzee aliviangalia viatu vyake tu.

Mlango wa Mweka Hazina ulifunguliwa mara kadhaa, wakaingia watu wenye mafaili, wakatoka wakicheka. Kila ulipofunguliwa mzee aliinuka nusu, akajiweka sawa koti, na kila mara ukafungwa kabla hajaufikia. Mwishowe fundi akageuza uso. Aibu ya mtu mzima haitazamwi.

"Subira huvuta heri," alimwambia ili kumpoza.

"Yangu imevuta mpaka kamba imekatika," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile wakacheka wote wawili.

Jioni madirisha yakaanza kufungwa. Mama wa usafi akapitisha fagio chini ya benchi, nao wakainua miguu kama watoto. Fundi alikuwa ameshaanza kupanga atakavyowaeleza wenzake. Kwa binti yake hakukuwa na la kupanga. Hatauliza kitu, atamtazama tu usoni, na hilo ndilo lililomchosha kuliko kukaa. Mlango wa Mkuu wa Elimu haukufunguliwa hata mara moja.

Karani wa mapokezi akaja, mkoba begani, tayari kwenda nyumbani. Akasimama mbele ya benchi na kumwinamia mzee kwa adabu.

"Mkuu, Mweka Hazina ameshaondoka. Amesema ujaribu tena kesho." Kisha akamtupia jicho fundi. "Na huyu mama, mmeshaongea? Tangu asubuhi anakungoja wewe."