Pini ya Mti

Farasi wawili walilikokota gari la daktari hadi kwenye kiwanda kidogo cha Indiana kilicholiunda, likichuruzika maji ya mto uliomuua. Lemuel, aliyeunda vigari vya farasi kwa miaka thelathini kabla ya kuja haya ya injini, alijilaza chini ya gari kulikagua.

Pini ya mti iliyoshika fimbo ya breki ilikuwa imekatika. Ndivyo alivyozoea kufunga breki za vigari. Farasi akiuona mto husimama mwenyewe; injini haisimami. Kwenye fimbo iling'aa L, alama anayoigonga kwenye kila kazi yake.

“Umeona nini, mzee?” bosi aliuliza.

Lemuel aliifunika ile L kwa dole gumba.

“Breki nzima, bosi. Marehemu alikuwa na haraka zake.”

“Afadhali! Haya, jamani, pakieni kwenye treni yale magari kumi na mawili aliyoyafungia breki mzee.”