Kwa Jina la Tina

"Wewe ni nani?" Tantine Marie-Louise aliuliza bila kugeuka kutoka kwenye sufuria ya sombe, majani ya muhogo.

"Tina," alijibu Larissa.

"Umechelewa. Mtu hafikirii jina lake. Tena."

Walirudia mara kumi na moja asubuhi hiyo. Tina mwenyewe alikaa nyuma ya Larissa, akimalizia kumsuka, akicheka kila binamu yake alipokwama. "Eish, jina langu limekuwa mfupa wa samaki? Ni herufi nne tu."

Larissa aliliazima jina hilo miaka sita iliyopita. Alipofika Durban kutoka Uvira, Kongo, baada ya kumzika mama yake, hakuwa na karatasi hata moja, na hakuna shule iliyotaka kumpokea hivyo. Tina alikuwa na karatasi zote, lakini masomo yalikuwa yamemchosha. Alikwisha kuyakimbia akaingia saluni ya mama yake, pale Isipingo. Basi Tantine akachukua karatasi za bintiye, akamwandikisha binti wa marehemu dada yake katika shule ya mbali ambako hakuna aliyewajua. Kila cheti kikatoka na jina la Tina. Kila alama iliyoandikwa humo ilikuwa ya Larissa.

Sasa chuo kikuu kimoja cha Kanada kilikuwa kimezipenda alama hizo. Chuo hakikuwa na ofisi Durban. Kilimtuma mtu aliyesoma huko zamani, akae na mwombaji saa nzima, kisha aandike alivyomwona. Mtu huyo alikuwa Bwana Apollinaire, Mkongomani, msimamizi wa ghala la makontena Clairwood.

Hapo ndipo hofu ilipoanzia. Mgeni angesoma jina na kuendelea. Mkongomani angeuliza baba ni nani, mama ni wa wapi, mnasali kanisa gani. Jibu moja likienda upande, miaka sita ingepotea bure.

"Usiogope," Tantine alisema, akimnyooshea kola. "Wewe ni Tina mpaka atakapoweka kalamu chini."

Walikutana katika mkahawa mdogo. Bwana Apollinaire alikuja na karatasi moja na kalamu moja, akaagiza chai mbili.

Nusu saa walizungumza Kiingereza. Kwa nini uhandisi? Larissa akaeleza kwamba baada ya mafuriko alipita nyumba kwa nyumba na futi ya fundi, akapima alama ya maji kwenye kuta, kisha akachora ramani ya mtaa mpaka akapata mahali mfereji ulipoziba. Bwana Apollinaire aliacha kuandika, akamtazama.

Kisha, bila kumwonya, akaingia Kiswahili. "Sema kweli, binti. Nyumbani wanakuitaje?"

"Tina."

"Una bahati. Mimi waliniita Kiazi." Akacheka peke yake. "Siku ya mahojiano yangu nilitetemeka mpaka nikasahau jina la mama. Wewe, nani kakufikisha hapa?"

"Tantine," alisema Larissa, akajishtukia. Tantine ni mama mdogo; Tina hangemwita mama yake hivyo. "Yaani, mama yangu. Wateja wote wanamwita Tantine, na sisi tumefuata."

"Kwetu pia iko hivyo. Endelea."

"Nikisoma, anakaa na mimi mpaka nimalize. Haelewi hata neno, lakini haondoki. Amenipa kila alichokuwa nacho."

Hilo halikuwa la kufundishwa. Machozi yalimtoka kabla hajayazuia.

Bwana Apollinaire aliweka kalamu chini. "Msalimie mama," alisema. "Mwambie kweli amezaa."

Tina alikuwa akimngoja mlangoni. "Anza mwanzo. Alivaaje? Alikuuliza nini kwanza? Alicheka wapi?"

Larissa alisimulia. Aliporuka jambo, Tantine alimrudisha nyuma. Tina, ambaye hakuwahi kumaliza ukurasa wa kitabu, aliandika yote kwenye daftari. Larissa alidhani ni wivu kidogo. Akamwonea huruma, akamchorea hata ile ramani ya mfereji na kumweleza mara mbili.

Jibu lilifika wiki ya tano. Amekubaliwa, na chuo kitalipa kila kitu, nauli mpaka chakula. Tantine alipiga magoti katikati ya saluni, juu ya nywele zilizokatwa, akashukuru kwa sauti. Kisha akamkumbatia Larissa kwa muda mrefu.

"Pasipoti niachie mimi," alisema. "Wewe pumzika, mwanangu. Umeshafanya yako."

Jumapili ya mwisho kabla ya safari walikwenda kanisani wote watatu. Lilikuwa kanisa lao la siku zote, katika ghorofa juu ya duka la fanicha, na desturi yao ilikuwa kumwita anayesafiri mbele ili wazee wamwekee mikono. Jambo moja tu lilimsumbua Larissa. Hapa kila mtu alijua Tina ni yupi na Larissa ni yupi. Angeitwa kwa jina gani?

"Nimeshaongea na mchungaji," Tantine alimwambia ngazini. "Atajua la kusema."

Baada ya mahubiri, Mchungaji Léonard alifunga Biblia. "Binti yetu anayekwenda Kanada kesho," alisema, "aje tumwombee."

Larissa alinyoosha sketi yake, akasimama. Makofi yalianza. Kutoka safu ya nyuma yao, walipokaa wanakwaya, mtu alipita haraka kuelekea mbele, na Larissa akauhisi mkono wa Tantine ukimshika kiuno, polepole, ukimrudisha kitini.

Mbele, Tina alikuwa ameshapiga magoti, na mikono ya wazee ilikuwa kichwani mwake.

"Kaa, mwanangu," Tantine alinong'ona bila kumtazama. "Pasipoti ina picha ya dada yako."