Mzee Wangu Alivyonipeleka Kilindini

Mimi bahari hainitishi hata kidogo. Nilitapika mara mbili tu, na boti ilikuwa bado imefungwa kamba.

Kesho yake mume wangu alikuwa anamkabidhi mkwe wetu boti hiyo, nami nilikuwa nimeapa kukiona kwanza hicho kilindi alichokuwa akipotelea miaka arobaini. Tukatoka asubuhi. Mawimbi mawili matatu yakanilaza chali, kopo la kukumbia maji kifuani, taulo usoni.

"Turudi, mama watoto."

"Rudi wewe, uogelee."

Akashika usukani. Injini ikanguruma kidogo, kisha akaizima. Akanifuta mdomo kwa vidole vyake vyenye makovu ya mishipi, akanishikisha mshipi wenye kipande cha risasi mwishoni.

"Tumefika. Kilindi chenyewe ndicho hiki."

Moyo ukanijaa. Nikauteremsha mshipi huku nimefumba macho. Pima tatu tu, risasi ikagota.

"Mbona imegonga chini?"

"Papa huyo. Ana mgongo mgumu."

Nikacheka, nikamwamini nusu. Mara jogoo akawika.

"Baba watoto," nikamwuliza, "huku kilindini mnafuga kuku?"